Kampala kwa mguu, Mama akiwa semina

Mama yangu ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, huko kwetu Arua, West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Naanza na hilo manake safari yote ilitokea hapo. Mwaka jana mwishoni mwa mwezi wa nane, wanafunzi washafunga, aliitwa semina Kampala, siku tano, walimu wa Kiswahili wa kutoka huku na huku kukaa pamoja wajadili jinsi ya kufundisha kwa mtaala mpya, na mimi nilikuwa nimekaa tu nyumbani nasubiri chuo, akasema twende wote, utanisaidia begi la vitabu. Begi lilikuwa zito kweli. Kamusi tatu, vitabu vya darasa, na kanga yake moja ambayo hasafiri bila hiyo.

Basi letu liliondoka saa mbili usiku. Kwenye daraja la Pakwach mi nilikuwa nasinzia lakini Mama alikuwa macho, ameweka uso kwenye kioo anaangalia nje gizani, na sikumuuliza anaangalia nini. Karuma nilisikia tu maji. Saa kumi na moja alfajiri tukawa tumefika Arua Park, katikati ya Kampala, pale mabasi na malori ya West Nile yanaposhushia, na kabla hata mguu haujagusa lami nilishasikia Kiswahili. Mtu anaita "mzigo wa nani huu?", mwingine anajibu kwa Lingala, akina mama wawili wanaongea Kilugbara, jamaa wa Sudan Kusini wanapiga Kiarabu cha Juba, alafu wote wakitaka kuelewana wanarudi kwenye Kiswahili. Nikamwambia Mama, mbona watu husema Kampala hakuna Kiswahili? Akasema, "Hapa bado ni Arua. Vuka barabara ndo utaona."

Tulipanga gesti ndogo upande wa Mengo, karibu na ukumbi wa semina. Mama angeingia saa mbili na nusu asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, na mimi siku nzima ni yangu. Alinipa sheria mbili tu. Ya kwanza, saa kumi na moja niwe getini. Ya pili, nisipande boda. Boda za Kampala anaziogopa kuliko kitu chochote, akaniambia tembea, mtu anayetembea kwa miguu anarudi mzima. Nikamuuliza, Mama wewe Kampala unaijua? Amekuja hapa mara nyingi sana kwa kazi, ila kila mara ni basi, ukumbi, gesti, basi. Akakunja kanga yake akasema, "Naijua ya zamani."

Sikulitilia maanani.

Jumatatu nilienda moja kwa moja msikiti mkubwa wa Old Kampala, ule watu wengi bado wanauita wa Gaddafi kwa sababu Libya ndo waliomalizia kuujenga, ukafunguliwa 2007, ingawa ardhi yake na wazo lake ni la tangu enzi za Amin miaka ya sabini. Mnara wake una ngazi 304. Nilizipanda nikisimama kila baada ya duru mbili kuvuta pumzi, na nilipotoka juu upepo ukanipiga usoni nikashika ukuta, maana Kampala yote ilikuwa imetandazwa pale chini kama mkeka. Kwa mtu ambaye amezoea kuuona mji kupitia dirisha la basi, nakwambia ni kitu kingine kabisa.

Hapo ndo nilielewa kwanini wanasema mji wa vilima saba. Siku hizi vilima ni vingi zaidi ila vile vya zamani bado vinajitambulisha vyenyewe. Mbele yangu karibu kabisa, Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana na kuba lake. Kushoto kwake kwa mbali kidogo Lubaga, kanisa kuu la Wakatoliki, minara miwili ya matofali mekundu. Katikati Mengo ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Upande wa pili kule Kibuli, msikiti mweupe. Nakasero magorofa. Makerere miti mingi. Watu wa dini kila mmoja alipata kilima chake, na mpaka leo ukitaka kujua uko wapi unainua tu kichwa unauliza jengo lipi la Mungu lipo mbele yako. Na kilima nilichosimama ndo chenyewe kilichotoa jina, inasemekana Kabaka alikuwa na swala pala wake wanachungwa hapo, Waganda wakasema kasozi k'empala, yaani kilima cha pala, na ni hapohapo Lugard, kapteni wa Kiingereza, alijenga boma lake Desemba 1890. Nilipiga picha kama arobaini.

Sikukaa nazo hata saa moja. Niliposhuka nikashika Namirembe Road kuelekea mjini, nimetoa simu nitazame ramani, boda ikapita karibu yangu, yule wa nyuma akanyoosha mkono, basi. Simu imeenda. Nilisimama pale mdomo wazi. Mama mmoja aliyekuwa anauza gonja, ndizi za kuchoma, akaniambia kitu kwa Kiluganda kwa sauti ya huruma, na mi Kiluganda changu ni cha salamu na shukrani tu, nikashindwa hata kumjibu, nikaanza kulia kama mtoto mdogo. Akanipa kiti chake. Alafu akanionesha kwa kidole kituo cha polisi kiko wapi.

Pale kituoni askari aliyekuwa mezani akaanza na Kiluganda, nikajaribu, nikababaika, nikahamia Kiingereza, nacho kikanitoka vibaya kwa sababu ya kulia. Akaweka kalamu chini. "We ongea Kiswahili tu, tutaelewana." Nikaongea. Sijui nieleze vipi jinsi kifua kilivyofunguka. Simu haikupatikana, na sikutegemea, lakini nilitoka pale nimejua kitu, kwamba kuna mlango wa pembeni wa kuingilia huu mji na ufunguo wake nilikuwa nao mdomoni tangu nizaliwe.

Nilitegemea Mama atanigombeza. Aliniangalia sana, akanishika mikono akaigeuza aone kama nimeumia, akasema simu itanunuliwa. Alafu akasema, "Sasa bila ramani utauliza watu. Uliza kwa Kiswahili. Uje uniambie wamekujibu nini." Nadhani ilikuwa namna ya mwalimu kumpa mtoto kazi ili asikae na huzuni, lakini kazi yenyewe ndo ikaishika wiki yangu yote.

Kwa hiyo Jumanne nilishuka bondeni. Kampala ukiwa kwa miguu unajifunza haraka kwamba juu ni heshima na chini ni riziki: vilimani kuna makanisa na ofisi, na kule mabondeni ambako zamani ilikuwa matete na maji ndo kuna masoko, vituo vya taksi na mtaro wa Nakivubo unaobeba maji yote machafu ya mji kuelekea Ziwa Victoria. Kule chini hakuna njia ya watembea kwa miguu ya maana, kuna nafasi kati ya mtu na mtu na unaingia hapo. Nikapita New Taxi Park, Owino ambayo kwa jina rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe, nikapanda mpaka Kikuubo, kile kichochoro cha maduka ya jumla ambapo wabeba mizigo wanakimbia na maboksi kichwani na wewe ndo wa kuwapisha. Kila mahali nilikuwa nauliza njia, hata njia ninazozijua.

Majibu yalikuwa ya kila aina. Wabeba mizigo wa Kikuubo wananijibu Kiswahili bila hata kuinua macho, kwao ni lugha ya kazi, wanapokea malori ya kutoka Mombasa na wateja wa kutoka Kongo na Juba. Kisenyi, kwa Wasomali, niliulizia maji ya kunywa kwenye duka, yule baba akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka mpaka nikadhani ni mtu wa Nairobi, kumbe kweli aliishi huko kabla ya kuhamia huku. Lakini kuna dada mmoja wa duka la nguo, nilipomwambia "samahani dada, Kampala Road napitia wapi", uso ukamfunga pale pale. "Oluswayiri sirumanyi." Kiswahili sikijui. Akageuka. Na mzee mmoja karibu na Old Taxi Park alinijibu kwa Kiingereza, polepole, kwa heshima, kwamba binti mzuri kama mimi haifai kuongea lugha ya majambazi.

Nilimwambia Mama jioni. Hakushangaa. Alisema hata darasani kwake, na Arua Kiswahili ni cha nyumbani, bado kuna mzazi anakuja kulalamika kwamba mtoto wake anafundishwa lugha ya wanajeshi.

Kitu kimoja niligundua Jumanne hiyohiyo na bado kinanifurahisha. Mtu anakwambia Kiswahili hajui, alafu dakika hiyohiyo anamwambia mwenzake afunge eddirisa, aweke kitu kwenye emmeeza, aende dduuka anunue sabbuuni, na aangalie essaawa. Dirisha, meza, duka, sabuni, saa. Hayo maneno yamekaa ndani ya Kiluganda miaka mingi mpaka yamepewa uraia, hakuna anayeyauliza yalitoka wapi.

Jumatano ndo siku nzito, na nitakaa hapo kidogo.

Asubuhi nilitembea ile barabara ya Kabaka Anjagala, imenyooka kama rula kutoka Bulange ambapo bunge la Buganda linakaa mpaka lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka. Katikati kuna raundabauti, kila mtu anaizunguka, ila ina mageti yanayofunguliwa kwa Kabaka peke yake ili apite moja kwa moja bila kukunja kona. Niliipenda sana hiyo habari. Nikalipa kiingilio Lubiri nikapewa kijana wa kunitembeza, akaanza vizuri, historia ya ikulu, jinsi Mei 1966 serikali ya Obote ilivyotuma jeshi kuivamia, kamanda akiwa Idi Amin, Kabaka Mutesa II akaponyoka, akafia uhamishoni London 1969. Alafu akanipeleka chini ya kilima.

Kule kuna handaki la zege. Lilijengwa enzi za Amin kuwekea silaha, likageuka kuwa mahali pa kuwafungia watu. Unaingia kwenye njia ya giza, kulia kuna vyumba kama vinne au vitano vilivyo juu kidogo ya sakafu, na kijana akanieleza kwamba hapa kwenye njia palikuwa na maji yenye umeme, aliyejaribu kutoka alikufa. Ukutani kuna alama za viganja vya mikono. Niliweka macho kwenye kiganja kimoja kilichokuwa chini sana, kama cha mtu aliyekaa au aliyeanguka, vidole vitano vimetanuka, na nikashindwa kuendelea kutazama.

Kijana akaniuliza, dada unatokea wapi? Nikasema Arua. Akanyamaza. Amin alikuwa mtu wa kwetu West Nile, kila mtu anajua, na sisi tunalibeba hilo kila tunapotaja jina la nyumbani, hata sisi ambao tulizaliwa miaka mingi baada ya yeye kukimbia. Alafu nikamwambia Mama yangu anafundisha Kiswahili. Tulikuwa tumeongea Kiingereza muda wote huo. Akajibu kwa Kiswahili, kidogo kidogo, anatafuta maneno. "Bibi yangu akisikia Kiswahili, anafunga mlango. Humu ndani, wenye Kiswahili ndio walikuwa na funguo."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilitoka pale nikakaa kwenye nyasi za ikulu karibu saa nzima. Jana yake tu nilikuwa najisifu moyoni kwamba Kiswahili ni ufunguo wangu wa mji huu.

Nimeshasoma vitu vingi kuhusu Kiswahili Uganda, nyumbani kwetu magazeti ya hayo mambo yanakaa chini ya meza. Jeshi la kikoloni lilikuwa linaongea Kiswahili na liliandikisha watu wengi kutoka kaskazini na West Nile. 1973 Amin akakitangaza lugha ya taifa. 2005 katiba ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Kwenye karatasi kila hatua inaonekana ni maendeleo, na watu hushangaa kwanini haiendi haraka. Mi naona kwamba mwenye haraka hajawahi kukaa kwenye zile nyasi za Lubiri. Bibi wa yule kijana hakatai sarufi. Ana sababu, na sababu yake iko ukutani pale, ina vidole vitano.

Usiku nilimwambia Mama neno kwa neno. Alizima taa. Baada ya muda mrefu, nikidhani amelala, akasema gizani, "Kuna Kiswahili kingine hapa Kampala. Ijumaa nitakuonesha."

Alhamisi nilihitaji hewa, nikapanda Makerere. Chuo kilianza 1922 kama shule ya ufundi na hapo ndo Nyerere alisomea ualimu miaka ya arobaini, Kibaki naye akasoma hapo baadaye. Lile jengo kuu jeupe lililoungua Septemba 2020 limeshajengwa upya na limerudi kama lilivyokuwa. Nikashuka Wandegeya kula rolex. Jamaa ana sahani bapa ya chuma juu ya mkaa, anavunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anakatia kitunguu, nyanya na kabichi humohumo mkononi bila ubao, kisu kinakimbia karibu na dole gumba lake mpaka nikawa naona woga mimi, anakoroga, anamwaga, chapati juu, anageuza, anakunja, kipande cha gazeti, elfu tatu. Nilikula nimesimama kando ya barabara, kaloli, wale korongo wakubwa, wametanda juu ya taa za barabarani kama wazee wa baraza, na nikawaza yule kijana wa Lubiri na bibi yake.

Kurudi nilizunguka mbali makusudi, nikapitia Katwe, na hapo sandali yangu ikakatika. Wiki nzima ya lami na mawe ilikuwa nyingi kwake. Katwe ni mahali pa mafundi, unasikia nyundo kabla hujafika, wanakata mapipa kutengeneza sigiri, wanayeyusha vyuma chakavu wanamimina masufuria. Fundi viatu alikuwa chini ya mwavuli uliochanika, akaniangalia navyovuta mguu akasema, "Dada, kuja, ikala hapa, minatengeneza." Mtu wa Bukavu. Yuko Kampala mwaka wa tisa sasa, mkimbizi, na ule mtaa umejaa watu wa kwao. Aliichukua sandali akaiweka gotini, akapitisha shazia kwenye soli kwa nguvu, uzi akiuvuta na meno, kila mshono anaurudia mara mbili. Alishona hata upande ambao haukukatika. Nikamwambia huo mzima. Akasema, "Huu utakufa kesho. Mimi naona."

Tuliongea sana. Kiswahili chake na changu havifanani, yeye anasema "niko natafuta", anachanganya na Kifaransa, mi nachanganya na Kiingereza, lakini hatukukwama hata mara moja. Nikamuuliza kama Kiswahili kimemletea shida hapa. Akafikiri. Akasema mwanzoni watu walimwogopa, saa hii wateja wake Waganda ndo wanamfundisha Kiluganda na yeye anawafundisha kuhesabu kwa Kiswahili, ili wakienda kununua vitenge kwa akina mama wa Kongo wasipunjwe. Alinitoza elfu moja mia tano. Sandali hiyo ninayo mpaka leo.

Ijumaa semina iliisha saa saba. Jioni kulikuwa na kufunga rasmi, vyeti na picha ya pamoja, na pesa za nauli ambazo waandaaji walikuwa wameahidi tangu Jumatatu. Mama akamwachia mwenzake amchukulie cheti. Akavua viatu vya ofisi akavaa raba, akajifunga kanga kiunoni, akasema twende. Kwa mguu.

Yeye ndo aliyetangulia. Hiyo iliniduwaza, Mama ambaye hajawahi kwenda popote Kampala zaidi ya ukumbini, anatembea mbele yangu kama mtu anayekwenda kwake. Tukashuka Katwe, akamsalimia fundi wangu, tukavuka pale Clock Tower chini ya barabara mpya ya juu, akasimama kidogo akaitazama ile ya juu kama inamziba kitu, tukapanda upande wa Nsambya. Alikuwa anahema. Kila nikitaka kumshika mkono anasema bado.

Nilikuwa najua Babu alifanya kazi reli. Nilichokuwa sijui ni kwamba Mama alizaliwa Kampala. Alizaliwa 1971 Mulago, akakulia kwenye kota za reli Nsambya mpaka alipokuwa na miaka nane. Kwanini hakuwahi kuniambia? Alisema hakuna aliyewahi kumuuliza kwa kutembea, watu wanauliza wakiwa wamekaa. Babu alianza kazi Pakwach, reli ilipofika kule 1964, kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni, alafu akahamishiwa Kampala. Ndo maana Mama hulitazama lile daraja usiku.

Kwenye kota hizo kulikuwa na Wajaluo, Waganda, Wateso, Wakamba, watu wa Tabora, watu wa Mombasa, manake ilikuwa bado ni reli ya Afrika Mashariki nzima mpaka jumuiya ilipovunjika 1977. Na lugha ya pale ilikuwa Kiswahili. Akina mama wakigombania kamba ya kuanikia nguo, Kiswahili. Watoto wakicheza, Kiswahili. Matanga, Kiswahili. Hakuna aliyekuwa na bunduki pale. "Mimi hiki ninachofundisha," Mama alisema, "sikukitoa kambini. Nilikitoa hapa, kwenye kamba ya nguo."

Mwishoni mwa Machi 1979 Bibi aliwapandisha watoto kwenye lori kwenda Arua, vita ilikuwa inakaribia. Babu akabaki kulinda nyumba. Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili, na siku moja baadaye akasikia mtu mlangoni anapiga hodi. Hodi, kwa mdomo, mara tatu. Akajibu karibu, akiwa na hakika anakufa, kwa mtu wa West Nile wakati ule ulikuwa mbaya sana. Askari wa Kitanzania akaingia, akaomba maji ya kunywa, akamuuliza mzee Kiswahili chako umekipata wapi, Babu akasema relini. Yule kijana akakaa chini. Baba yake naye alikuwa mtu wa reli, Tabora. Alikunywa maji, akamwambia Babu aondoke usiku huohuo kwa sababu si kila atakayekuja atapiga hodi. Babu alifika Arua baada ya wiki tatu, na mwaka uliofuata wote wakavuka kwenda Zaire, na mengine yote ya ukimbizini ninayajua.

Zile nyumba hazipo. Mama alitafuta kwa kuangalia mteremko, akasimama sehemu moja, akasogea hatua kama kumi, akasema hapa, alafu akasema hapana, pale. Kulikuwa na ukuta mrefu na majani. Hakulia. Akashuka mpaka karibu na reli, akapanda juu ya taruma moja, akaangalia upande wa mashariki, akaanza kutaja, kwa sauti ya kuimbaimba ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Namanve, Jinja, Iganga, Busembatia, Tororo, Malaba." Babu aliwafundisha kabla hawajajua kusoma. Akavuka mpaka bila kusimama, Bungoma, Webuye, Eldoret, Nakuru, Naivasha, Nairobi, Voi. Mombasa hajawahi kufika maishani mwake.

Mvulana mmoja alikuwa anapita na jerikeni la maji, kama miaka tisa hivi, akatuangalia akauliza, "Mama, munatafuta nani?" Kwa Kiswahili. Labda mtoto wa kambi ya polisi iliyo karibu pale, labda wa Kongo, sikumuuliza. Mama akamwambia, natafuta kwetu. Mtoto akafikiria, akaweka jerikeni chini, akasema kwao yeye ni kule juu, kama tumechoka tunaweza kwenda kukaa.

Tulienda. Mama wa yule mtoto alitupatia maji kwenye kikombe cha bati. Saa kumi na moja ikapita, kule ukumbini walikuwa wanapiga picha, na Mama amekaa kwenye kigoda amevua raba anauliza bei ya mkaa Nsambya siku hizi ni ngapi.

Basi la kurudi lilikuwa saa mbili usiku. Nilimwambia tuchukue taksi mpaka Arua Park, begi lenyewe liko bado Mengo, muda hautoshi. Akafunga kamba za raba. Akasema unatosha.